Sura ya Sita: Okestra Iliyofichwa Ndani ya Windows

Swali ambalo walimu wa kwaya, wapiga vinanda na wanafunzi wa muziki hawachoki kuliuliza ni hili: inakuwaje faili moja la MIDI, lenye wimbo uleule na nota zilezile, lisikike kama kinanda kizuri cha kanisa kwenye kompyuta moja, kisha lisikike kama mchezo wa video wa miaka ya tisini kwenye kompyuta nyingine? Wapo wanaodhani kwamba faili limeharibika njiani, wapo wanaozilaumu spika, na wapo wanaomshuku aliyelituma kwamba amebaki na toleo zuri akagawa lile duni. Ukweli ni kwamba faili lenyewe halina sauti hata chembe, na kila kinachosikika hutengenezwa na kompyuta ya yule anayesikiliza. Kwa watumiaji wa Windows, ambao ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kazi zote za kompyuta, sauti hiyo kwa kawaida hutoka kwenye programu ndogo iitwayo Microsoft GS Wavetable Synth, ambayo hazina yake ya ala ilitengenezwa na kampuni ya Roland ya Japani na ina alama ya hakimiliki ya mwaka 1996.

Faili lisilo na sauti

MIDI ni kifupisho cha jina la Kiingereza la mfumo wa kidijitali wa kuunganisha ala za muziki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vinanda vya kielektroniki vilikuwa vimeenea, lakini kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kuviunganisha, hivyo mpigaji aliyenunua kinanda cha kampuni moja hakuweza kukitumia kuendesha kinanda cha kampuni nyingine. Wawili waliosukuma zaidi suala la kuwa na lugha moja walikuwa Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland. Mnamo Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya ala za muziki yaliyofanyika California, kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Smith kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 cha Roland, na kilipopigwa kimoja, cha pili kikaitika. Miaka 30 baadaye, mwaka 2013, watu hao wawili walipewa tuzo ya Grammy ya upande wa ufundi kwa kazi hiyo.

Kinachopita kwenye waya huo si sauti bali ni amri fupi zilizoandikwa kwa tarakimu. Amri moja husema, kwa mfano, kwamba nota namba 60, ambayo ni do ya katikati ya kinanda, ibonyezwe kwa nguvu ya 90 kwenye chaneli ya 1. Nyingine, inayofuata muda mfupi baadaye, husema nota hiyo iachiwe. Chaneli ni njia ya kutenganisha ala zinazopigwa pamoja, na ziko 16. Nguvu ya kubonyeza, namba ya nota na namba ya ala vyote huandikwa kwa thamani kuanzia 0 hadi 127, kwa sababu wabunifu walitenga biti saba kwa kila thamani, na biti, ambayo ni kipashio kidogo kuliko vyote cha taarifa za kompyuta, inaweza kuwa 0 au 1 tu.

Faili la MIDI basi ni amri hizo zilizohifadhiwa pamoja na muda wa kila moja. Uhusiano wake na muziki unaosikika ni sawa na ule wa karatasi ya nota na kwaya: karatasi hiyohiyo ikipelekwa kwenye kwaya ya kanisa kuu la mjini na kwenye kwaya iliyoanzishwa mwezi uliopita, nota hazibadiliki, ila waimbaji ni tofauti. Ndiyo maana wimbo wa dakika nne wa sauti nne huweza kutoshea kwenye makumi machache ya kilobaiti, wakati rekodi ya kawaida ya MP3 ya wimbo huo huchukua karibu megabaiti nne, ambazo ni sawa na kilobaiti elfu nne.

Orodha ya ala 128

Lugha ya 1983 ilikuwa na pengo moja kubwa. Amri ya kuchagua ala ilitaja namba tu bila kusema namba hiyo ni ala gani, hivyo kilichokuwa piano kwenye kinanda cha kampuni moja kiliweza kuwa tarumbeta au kengele kwenye kinanda cha kampuni nyingine. Mtunzi aliyemtumia mwenzake faili alilazimika kumtumia pia maelezo marefu ya mpangilio wa ala zake.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1991 kwa kanuni ya pamoja iitwayo General MIDI, ambayo iliorodhesha ala 128, ikazigawa katika koo 16 zenye ala nane nane, na kudai kwamba kifaa chochote kinachobeba jina hilo kiweze kutoa angalau sauti 24 kwa wakati mmoja. Chaneli ya 10 ilitengwa kwa ngoma na vipigo vingine, na humo kila ufunguo wa kinanda huita kifaa chake: ufunguo namba 36 ni ngoma ya besi, 38 ni ngoma ya kati yenye mshindo mkali, 42 ni matoazi yaliyofungwa, na kadhalika hadi pembe tatu ya chuma kwenye namba 81.

Baadhi ya namba ambazo watumiaji hukutana nazo mara kwa mara ni hizi:

- 1: piano kubwa ya tamasha, ambayo huchukuliwa na programu nyingi endapo mtunzi hakuchagua ala yoyote
- 13: marimba
- 20: kinanda cha kanisa
- 53: kwaya inayoimba irabu "aa"
- 109: kalimba
- 125 hadi 128: simu inayolia, helikopta, makofi ya watazamaji na mlio wa bunduki

Namba hizo nne za mwisho huwashangaza wengi, na ni haki yao kushangaa, kwani orodha ambayo haikupata nafasi ya ala nyingi zinazopigwa na mamilioni ya watu duniani ilipata nafasi ya helikopta. Ikumbukwe pia kwamba orodha iliyochapishwa huanza na 1 ilhali ndani ya faili hesabu huanza na 0, jambo ambalo limewafanya wengi wapate ala jirani badala ya ile waliyoikusudia.

Kwa ufupi, hadi hapa: faili la MIDI hubeba maagizo ya kupiga muziki, na General MIDI huhakikisha kwamba namba 1 ni piano kila mahali, lakini hakuna kanuni inayosema piano hiyo isikike vizuri kiasi gani.

Hazina ya megabaiti tatu

Kompyuta za nyumbani za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilipotaka kupiga muziki zilitegemea kadi za sauti, ambazo ni vibao vya kielektroniki vilivyochomekwa ndani ya mashine. Kadi ya AdLib ya mwaka 1987 na Sound Blaster iliyofuata mwaka 1989 zilitumia kijisahani cha kielektroniki (chipu) cha Yamaha ambacho hakikuwa na rekodi ya ala yoyote. Kiliunda kila sauti kwa hesabu, kwa kulifanya wimbi moja litikise jingine, kufuata mbinu iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford na kukodishwa kwa Yamaha. Sauti hizo kali, za kimetali kidogo, ndizo hasa sauti za michezo ya kompyuta ya enzi hizo, na anayesema leo kwamba Windows inasikika kama mchezo wa zamani huwa anachanganya vizazi viwili, kwa maana kilichomo ndani ya Windows ni kizazi kilichofuata.

Kizazi hicho kilitumia sampuli. Sampuli ni rekodi fupi ya ala halisi, ambayo mashine huicheza upya kila nota inapoitwa. Roland ilitoa mwaka 1991 kisanduku kilichoitwa SC-55 Sound Canvas, kilichofuata General MIDI na pia mpango wa Roland yenyewe uitwao GS, wenye ala za ziada, seti kadhaa za ngoma na uwezo wa kuongeza mwangwi. Kisanduku hicho kilipendwa sana na watunzi wa muziki wa michezo, kiasi kwamba muziki mwingi wa MIDI wa miaka hiyo ulipimwa kwa masikio yaliyozoea SC-55. Microsoft ilipotaka kuweka ala ndani ya Windows ili kila kompyuta ipige MIDI hata bila kadi ya gharama, ilipata kibali cha kutumia sauti za Roland. Zimehifadhiwa hadi leo kwenye faili liitwalo gm.dls, ndani ya kabrasha la drivers lililo kwenye System32. Herufi tatu za mwisho hutokana na kanuni ya kimataifa ya kufunga sampuli pamoja na maelezo ya namna ya kuzicheza.

Ukubwa wa faili hilo ni takriban megabaiti 3.3. Sekunde moja ya sauti ya kiwango cha CD, yenye njia mbili za kushoto na kulia, huchukua baiti 176,400, kwa hiyo okestra nzima, pamoja na gitaa, kwaya, ngoma na ile helikopta, imebanwa katika nafasi ambayo kwenye CD ingetosha sekunde 20 hivi za muziki. Leo piano moja ya kidijitali ya wataalamu huweza kujaza gigabaiti kadhaa. Hata hivyo, si haki kuwacheka waliolitengeneza. Windows 95 iliweza kuendeshwa kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 4, na Windows 98 ilidai 16, kwa hiyo hazina ya megabaiti tatu na ushee iliyopakiwa yote kwenye kumbukumbu ilikuwa mzigo wa kweli, na kwa kipimo hicho kazi ya mafundi wa Roland ni ya ustadi mkubwa.

Jinsi sauti inavyobanwa, na kinachopotea

Ujanja wa kwanza ni mzunguko. Nota ya filimbi inayoshikiliwa kwa sekunde nane hairekodiwi yote. Hurekodiwa mwanzo wake na kipande kifupi cha katikati, kisha kipande hicho hurudiwarudiwa hadi mpigaji aachie. Sikio makini hugundua, kwa sababu pumzi ya mpiga filimbi halisi haikai sawasawa hata kwa nusu sekunde, ilhali mzunguko hauchoki wala hauyumbi. Vinanda vya kanisa havidhuriki sana na ujanja huu, kwa kuwa sauti yao ya asili ni tulivu, na ndiyo sababu namba 20 husikika afadhali kuliko ala nyingine nyingi za hazina hii.

Ujanja wa pili ni kunyoosha. Badala ya kurekodi kila nota, hurekodiwa nota chache, na zile za katikati hupatikana kwa kuicheza rekodi haraka zaidi ili ipande au polepole zaidi ili ishuke. Kwa nota mbili tatu tofauti haionekani, lakini kadiri rekodi inavyosogezwa mbali na ilipozaliwa ndivyo tabia yake inavyogeuka. Sauti ya binadamu ndiyo huumia kuliko zote, kwa sababu kinywa na koo la mwimbaji havibadiliki ukubwa anapopanda nota. Rekodi ikiharakishwa, mwimbaji husikika kama mtoto, na ikicheleweshwa husikika kama jitu.

Wa tatu ni kutumia rekodi moja kwa nguvu zote za kubonyeza. Uzi wa piano ukigongwa kwa nguvu hautoi sauti kubwa tu, bali hutoa sauti ya rangi nyingine, yenye ukali zaidi. Hazina ndogo huongeza au kupunguza ukubwa wa sauti ileile, na matokeo yake ni muziki unaosikika wa bapa hata pale mtunzi alipoandika kwa uangalifu mapigo makali na ya upole. Yakiongezewa na kukosekana kwa mwangwi, ambao kisanduku cha SC-55 kilikuwa nao lakini ala ya Windows huuacha, mambo haya matatu yanatosha kueleza kwa nini okestra hiyo husikika kama iliyo kwenye chumba kisicho na kuta.

Mwalimu wa kwaya afanye nini

Katika Afrika Mashariki, matumizi makubwa ya ala hizi kwa miaka mingi yamekuwa kazi ya kwaya. Mtunzi huandika wimbo wake wa sauti nne kwa programu ya kuandika nota, hasa Finale, ambayo watengenezaji wake walitangaza Agosti 2024 kwamba hawataiendeleza tena, au MuseScore, ambayo ni ya bure; kisha hugawa karatasi za nota na wakati mwingine faili la MIDI ili wanakwaya wasiosoma nota wasikilize sauti zao. Hapo ndipo namba 53 inapochaguliwa kwa kishawishi cha jina lake, na hapo ndipo inapoleta hasara. Sauti hiyo huanza polepole, hivyo nota za haraka humezwa kabla hazijafika; haina konsonanti, hivyo mapigo ya maneno hayasikiki; na besi na soprano hutokana na waimbaji walewale walionyooshwa, hivyo sauti ya nne hupoteza uzito wake. Anayetaka kukagua kama tena na alto zimegongana, au anayetaka mwanakwaya ashike nota zake, atumie piano, ambayo ina mwanzo mkali na unaosikika bayana. Ili sauti ya mwanakwaya husika itokeze, kila sauti iwekwe kwenye chaneli yake na zile nyingine zipunguzwe.

Kwa anayetaka muziki wenyewe usikike vizuri, njia ni kuiacha hazina ya Windows na kutumia nyingine. Jambo hili limekuwa gumu kidogo tangu Windows Vista ya mwaka 2007, ilipoondolewa sehemu ya mipangilio iliyomwezesha mtumiaji kuchagua kifaa cha MIDI cha kompyuta nzima, na kutokana na hilo watu wengi hawajui kwamba uchaguzi upo. Njia zilizo rahisi ni hizi:

- Kutumia programu yenye hazina yake yenyewe, kama MuseScore, ambayo haigusi kabisa ala za Windows.
- Kuweka programu ya FluidSynth au VirtualMIDISynth, kisha kuipa faili la SoundFont, yaani hazina ya sampuli ambayo mtu yeyote anaweza kuitengeneza na kuigawa. Ziko nyingi za bure.
- Kugeuza wimbo kuwa faili la MP3 kabla ya kuugawa, ili kila mwanakwaya asikie kile alichosikia mtunzi.

Anayepiga kinanda kilichounganishwa na kompyuta atakuwa na sababu nyingine ya kuhama: ala ya Windows huchelewa kuitika baada ya ufunguo kubonyezwa, na ucheleweshaji huo, ingawa haumsumbui anayesikiliza faili, humvuruga kabisa anayepiga moja kwa moja.

Mifumo mingine

Watumiaji wa kompyuta za Apple hawako mbali sana na wenzao, kwa kuwa hazina iliyomo ndani ya macOS, iitwayo gs_instruments.dls, nayo ina asili ya Roland, ila huchezwa na injini tofauti yenye mwangwi. Linux kwa kawaida huja bila ala zozote, na mtumiaji hujichagulia. Simu za Android hubeba injini ndogo ya Sonivox, iliyobanwa kuliko hata ile ya Windows kwa ajili ya milio ya simu. Ndiyo maana faili moja likisambazwa kwenye kundi la wanakwaya huzaa malalamiko ya aina nne.

Ingetarajiwa kwamba Microsoft, yenye diski za mamia ya gigabaiti za kujivunia, ingekuwa imebadilisha hazina hii zamani. Lakini mabadiliko yana gharama ambayo haionekani haraka. Mafaili ya MIDI yaliyoandikwa tangu miaka ya tisini yalisawazishwa kwa masikio: mtunzi aliona tarumbeta ni kali mno akaipunguza, akaona besi haisikiki akaiongeza, yote kwa kufuata ala alizokuwa nazo. Ala mpya zenye ubora maradufu lakini uwiano tofauti zingevuruga mizani ya kazi hizo zote kwa mara moja, na wakati huohuo watunzi makini walikwisha kuhamia kwenye hazina zao wenyewe. Kwa mtazamo huo, kuiacha kama ilivyo ni uamuzi wa busara zaidi kuliko unavyoonekana, japo mwangwi kidogo usingemdhuru mtu.

Ala zilizomo na mizani isiyokuwamo

Ukoo wa 14 wa orodha, kuanzia 105 hadi 112, uliwekewa ala ambazo waandishi wake waliziona za kikabila: sitari ya India, shamisen na koto za Japani, zumari la mifuko la Uskochi, na kalimba kwenye namba 109. Kalimba hiyo ni ile iliyoenezwa kibiashara kutoka Afrika Kusini na Hugh Tracey katika miaka ya 1950, yenye sauti safi na laini, na hailingani na ilimba ya Wagogo wa Dodoma ambayo Hukwe Zawose aliisikilizisha dunia. Ilimba huvuma na kukwaruza kwa makusudi, na vyuma vyake hurekebishwa kufuata sauti zinazozaliwa kwa asili ndani ya sauti moja nene, ambazo baadhi yake haziangukii kwenye ufunguo wowote wa piano.

Tatizo hapa si sampuli tena. Hata kama ilimba halisi ingerekodiwa na kuingizwa kwenye gm.dls, nota namba 60 na 61 zingebaki na umbali uleule wa nusu toni uliopangwa kwa piano. Taarabu ya Unguja na Mombasa hukutana na ukuta huohuo, kwa kuwa baadhi ya makamu, yaani mifumo ya ngazi za sauti iliyotoka kwenye muziki wa Kiarabu, huhitaji nota iliyo karibu na nusu ya njia kati ya funguo mbili, ambayo mpiga fidla huipata kwa kidole na mpiga ganuni kwa kuinua vijiti vidogo vya nyuzi zake.

MIDI ina dawa moja ya zamani, nayo ni amri ya kupinda sauti, ambayo ina hatua 16,384 na kwa kawaida huweza kuipandisha au kuishusha nota kwa nusu toni mbili. Kuishusha nota kwa robo toni kunahitaji hatua 2,048 kutoka katikati, hesabu ambayo programu huweza kuifanya bila shida. Shida ni kwamba amri hiyo hupinda chaneli nzima, si nota moja. Ganuni ikipiga nota mbili pamoja, moja ya kawaida na moja ya robo toni, zote mbili hupindwa, na mtunzi hulazimika kuigawa ala moja kwenye chaneli mbili au tatu kati ya zile 15 zinazobaki baada ya kutoa ya ngoma. MIDI 2.0, iliyopitishwa mwaka 2020, imeruhusu kila nota ipindwe peke yake, lakini hazina ya mwaka 1996 iliundwa kwa ajili ya lugha ya 1983, na mtunzi wa taarabu anayefanya kazi kwenye Windows bila programu ya ziada bado hana budi kugawa ganuni yake kwenye chaneli kadhaa.